Kaka Yuko Juu ya Misri

Ndugu zangu, kutoka uwanja wa ndege wa Toronto hadi huu wetu wa Kilimanjaro ni mbali. Ni kilomita elfu kumi na mbili na ushee. Unashuka Addis Ababa, unangoja, unapanda ndege nyingine, na mpaka ufike safari imeshakula siku nzima. Nimeuliza, sibahatishi.

Basi kulikuwa na mzee mmoja kule Kibosho, mgonjwa wa kitandani, na wanawe wawili. Mkubwa aliishi huko Toronto. Mdogo alikuwa na nyumba yake palepale, ng'ambo ya ua wa masale. Huyu mdogo aliwahi kumtukana baba yake mbele ya wakwe, na tangu siku hiyo hawakusemeshana. Kuomba radhi alitaka, na kosa lile lilimuuma sana. Lakini alishikilia kwamba jambo zito namna ile linataka kikao, na kikao kinataka kaka mkubwa atangulie, ameshika jani la sale, lile la kuombea msamaha.

Mzee akazidiwa. Mkubwa akakata tiketi siku hiyohiyo. Dada yao, aliyekuwa akimuuguza mzee, akavuka ua kwenda kwa mdogo.

"Baba anakuulizia. Njoo japo umsalimie."

"Nitaingia na kaka. Yuko njiani."

Na kweli alikuwa akimfuatilia! Simu haikumtoka mkononi, anatazama kindege kinavyosogea kwenye ramani na kuwatangazia majirani: "Sasa kaka yuko juu ya Misri."

Mkewe akamwambia, "Baba Aikande, mzee hayuko Misri. Yuko hapo nyuma ya ua."

"Wewe taratibu zetu huzijui," akajibu, akaenda uwanjani kumpokea kaka yake.

Ndege ikatua kwa wakati wake. Walipokata kona ya nyumbani wakasikia vilio. Mkubwa akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamgeukia mdogo wake: "Wewe uliyekuwa naye, baba alikuambia nini?"

"Sijamwona, kaka. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Haya, niambieni, hapo tumlaumu nani? Rubani?

Sisi ndio hao. Tunasema nitapatana na shemeji Krismasi, watu wakishapanda kutoka mijini. Nitatubu mhubiri mgeni akija kwenye semina. Nitamwomba mama radhi, lakini acha kwanza dada arudi likizo. Huo ni woga, ndugu zangu, sisi tumeuita utaratibu. Na Mungu hajatuahidi kwamba yule tuliyemkosea atakuwepo hadi wageni wetu watue.

Kwa hiyo ibada ikiisha leo, usipange foleni mlangoni kunipa mkono mimi mchungaji wenu. Yupo mtu humu humu ndani, benchi la tatu au la nne kutoka kwako, na umemkwepa tangu Pasaka. Nenda kwake kwanza. Mimi na wewe tutasalimiana Jumapili ijayo.