Kete Iliyokula Tatu

Mzee Haidari alitaka kurudishiwa kibaraza cha duka lake, na aliyekikalia alikuwa Kidawa, msusi wa mtaa.

"Tucheze drafti," alisema Haidari, maana mtaa mzima hakuna aliyewahi kumfunga. "Nikikufunga, unahama. Ukinifunga, kaa mpaka uchoke."

"Sawa, mzee wangu, ila tucheze kwenye simu. Ubao wako umeliwa na mchwa."

Wakakaa wakitazamana, kila mmoja na simu yake. Kila zamu ilikuwa na dakika mbili, na kete haikuhesabiwa mpaka mchezaji abonyeze "Thibitisha".

Mchezo ulipokaribia mwisho, Haidari alisogeza kete ikala tatu kwa mpigo, akalipiga benchi kofi kama alivyozoea kwenye ubao.

Kidawa akaanza kukusanya vitana vyake. "Nimekwisha. Lakini hebu nieleze, mzee wangu, umenifungaje?"

Haidari akaweka simu chini, akaeleza tangu kete ya kwanza, kwa mikono miwili.

Simu zikalia pamoja: muda wa Haidari umekwisha, Kidawa ameshinda.

"Lakini mimi nimeshasogeza."

"Umesogeza, hukuthibitisha," alisema Kidawa, akivirudisha vitana mahali pake. "Endelea basi, mzee wangu. Ulikuwa umefika pale nilipokosea."