Mboni Kashinda Ukumbini

Hapo zamani, na si zamani za Sungura na Fisi, ni zamani za juzi tu, simu zikiwa zimeshazoea mifuko ya watu, palikuwa na mji uitwao Kwadundwa. Mji mdogo, mdomo mkubwa. Ulikuwa na gazeti lake, Mlio, linalotoka kila Ijumaa, na mhariri wake alikuwa Mwalimu Hizza Mhando. Huyu alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili, akastaafu na kalamu yake nyekundu. Ukimpelekea kadi ya harusi, aliirudisha imesahihishwa. Watu walimcheka pembeni, lakini walimheshimu.

Sasa tulieni, maana mambo yenyewe yanaanzia kwenye neno moja. Ukilikosa hapa, usije ukaniuliza mbele.

Binti wa mji huo, Mboni, alichaguliwa kwenda kuimba katika mashindano ya nyimbo ya mataifa, huko nchi za baridi. Mashindano yenyewe yalikuwa Jumapili. Alhamisi kabla yake, mwandishi wa Mlio, dada mmoja aitwaye Nasra, alimpigia simu mama yake Mboni, Bi Mwajabu, muuza bagia wa stendi.

"Shikamoo mama. Mboni ana habari gani?"

"Marahaba. Tumezungumza sasa hivi. Mwanangu kashinda ukumbini tangu asubuhi, hata maji hajaonja."

Mmesikia? Kashinda ukumbini tangu asubuhi. Yaani yumo humo mchana kutwa, anafanya mazoezi, njaa inamuuma. Nasra akaandika yote, neno kwa neno, akampelekea Mwalimu.

Mwalimu alikuwa na haraka. Gari la magazeti linaunguruma nje, picha ya Mboni imekula nusu ya ukurasa, nafasi ya maneno kiduchu. Akasoma juu juu. Akasahau kuwa mashindano ni Jumapili, akadhani matokeo yametoka tangu asubuhi na mtoto hajanywa maji kwa furaha. Akashika kalamu nyekundu. "Hata maji hajaonja," akakata. "Tangu asubuhi," akakata. "Mwanangu" akaigeuza "Mboni." Yakabaki maneno matatu, meusi, makubwa: MBONI KASHINDA UKUMBINI. Chini yake akaongeza ya kwake: "Binti wetu awabwaga mataifa."

Nasra aliuona ukurasa kabla haujaenda. Akafungua kinywa. Mwalimu akamwambia, "Leo jina lako liko ukurasa wa kwanza, binti yangu." Nasra akafunga kinywa.

Ijumaa mji ukafurika kwa Bi Mwajabu na vigelegele. Yeye naye akafungua kinywa. Lakini jirani ambaye hakumsalimu miaka tisa alikuwa amemkumbatia, analia begani kwake, anamwita mama wa bingwa. Bi Mwajabu akajisemea, nitawaambia kesho. Akafunga kinywa.

Palikuwa pia na Kibwana, fundi simu. Yeye kazi yake ya mapenzi ilikuwa kuandika katika ile kamusi elezo kubwa ya mtandaoni, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika na kila mtu anaruhusiwa kufuta. Sharti lake moja: usiandike jambo bila kutaja ulikolitoa. Kibwana akaandika, "Mboni ndiye mshindi," akaweka kinamba kidogo, na kinamba kikasema: gazeti la Mlio. Mtu wa mbali, asiyemjua, akamjibu, "Chanzo kimoja hakitoshi. Leta cha pili, la sivyo nafuta." Wakabishana, huyu anafuta, huyu anarudisha.

Jumamosi Mwalimu akaanza kuingiwa na wasiwasi. Mbona redio hazisemi? Akafungua kamusi. Akakuta: Mboni ndiye mshindi. Pembeni kuna kinamba kidogo. Mwalimu hakukibonyeza. Roho ikamtulia, akaandika kwenye ukurasa wa gazeti mtandaoni: "Kamusi yathibitisha ushindi wa Mboni." Kibwana alipoiona, akamshukuru Mungu. Chanzo cha pili hicho.

Basi gazeti likasema kamusi imesema, na kamusi ikasema gazeti limesema. Mtu na kivuli chake wakashuhudiana.

Jumapili Mboni akapanda jukwaani. Nchi za watu zote zilikuwa zimeshasoma kwenye kamusi kuwa ameshinda. Waimbaji wenzake walimpisha mlangoni wakisema, "Pita, mshindi." Sauti ikamtetemeka kuanzia ubeti wa kwanza. Katika kumi na wanne akawa wa kumi na mmoja. Kamati ikampa barua: mtu wa kwenu amezusha ushindi kabla ya mashindano. Jina lake, jina moja, lichapishwe gazetini Ijumaa ijayo. Lisipochapishwa, tutahesabu ni wewe mwenyewe, na kwetu hutaimba tena.

Alhamisi Mboni alikuwa ofisini kwa Mlio, begi bado begani. Mama yake alikuwepo, Nasra alikuwepo, Kibwana alikuwepo. Hakuna aliyemtazama usoni. Mwalimu akasoma alichoandaa: "Kutokana na hitilafu za kiufundi..."

"Hitilafu ndiyo nani, Mwalimu?" akauliza Mboni. "Anakaa mtaa gani? Kamati inataka jina."

Hapo kila mmoja akasema lake.

Nasra akasema, "Mimi niliandika neno kwa neno. Daftari hili hapa. Sikuongeza, sikupunguza."

Kibwana akasema, "Mimi nilifuata sharti. Wakataka chanzo, nikatoa. Wakataka cha pili, nikatoa."

Bi Mwajabu akasema, "Mimi nilisema kweli. Kushinda mchana kutwa mahali, nako siku hizi ni uongo?"

Mwalimu akasema, "Na mimi nilikata ili maneno yaenee. Ndiyo kazi ya mhariri."

Mboni akamgeukia taratibu. Hakupaza sauti. "Mwalimu, unakumbuka darasa la tano? Ulituandikia ubaoni: Baba ameshinda shambani. Ukasema, toeni maana mbili. Mimi nilitoa moja tu. Ukanisimamisha mbele ya darasa mpaka kengele ya mapumziko."

Mwalimu aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alikumbuka ubao, alikumbuka kitoto kile kimesimama kinalia, na alikumbuka kinamba kidogo ambacho hakukibonyeza kwa sababu aliogopa kitakachofunguka. Akaichana karatasi ya hitilafu, akachukua nyeupe, akaandika: "Aliyemzushia Mboni ushindi ni..." Akaacha nafasi.

Bi Mwajabu akaanza kulia. "Andika mimi. Nilijua siku ya kwanza, nikanyamaza. Nilipenda kuitwa vile."

"Akiandikwa mama," Mboni akasema, "mimi siimbi tena hata harusini."

Nasra akasema kwa sauti ndogo, "Mimi pia nilijua. Nililiona jina langu, nikanyamaza. Lakini mkiniandika, hakuna gazeti litakalonipokea."

Kibwana akasema, "Mimi sikujua. Ila huko nje nani anasoma Mlio? Dunia ilisoma kwangu. Yule mtu wa mbali aliniambia hakitoshi, nikamwona mchawi."

Mwalimu kalamu mkononi. Akawaza: waliojua walinyamaza, na mimi niliyesema sikujua. Lakini mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Je, kutojua kwa mwalimu ni kosa kubwa kuliko kunyamaza kwa anayejua? Jirani mmoja akapita dirishani, akachungulia, akamsalimu kama kila jioni: "Umeshindaje, Mwalimu?"

Mwalimu akafunga dirisha.

Nje gari la magazeti linaunguruma. Kwenye karatasi kuna nafasi ya jina moja, na kalamu ni ile ile nyekundu. Haya, wewe uliyecheka pale mwanzo, anza wewe, na mwenzako akubishie. Wa kwanza alisema kweli akanyamaza. Wa pili aliandika kweli akanyamaza. Wa tatu aliikata kweli bila kuijua. Wa nne aliupeleka uongo duniani kwa kufuata sheria. Na binti wa watu amesimama hapo na begi lake, anasubiri.

Je, nani alistahili kuandikwa?