Nyuki wa Digidigi

Sogeeni, wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ukae. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga kwa matofali na zege kama sisi, Ndovu alikuwa na kampuni ya ujenzi. Twiga alichora ramani, Nyati alisimamia kazi, ngiri walibeba matofali na kupiga lipu, Kobe alisakafia vyumba. Na Digidigi, mdogo kuliko wote, alimwagilia maji zege la ghorofa kila asubuhi, lisikauke haraka likapasuka.

Mwaka huo walikuwa wakijenga shule ya watoto wa msituni.

Ndovu kazi aliijua. Shida ilikuwa masikio yake. Makubwa kama ungo, lakini ukimwambia jambo asilolipenda aliyapiga pa! pa! na kunguruma, "Nani amekuuliza?"

Siku moja, kwenye kikao, Nyani alisema mchanga ulioletwa una udongo mwingi. Ndovu alimfukuza kazi palepale, mbele ya wote. Tangu hapo vikao vikawa vya "Ndiyo, mkuu" tu.

Basi, zege la ghorofa lilipofikisha siku ya saba, Ndovu akaamuru, "Toeni mirunda! Simba anakuja Ijumaa kufungua shule."

Mirunda, wanangu, ni zile nguzo za miti zinazoshikilia zege mpaka likomae. Kwenye ramani Twiga alikuwa ameandika zikae wiki tatu. Twiga akameza mate, na kwa shingo ile yalichukua muda kufika. Mirunda ikatolewa.

Kesho yake asubuhi Digidigi akapanda na ndoo yake. Akamwaga maji. Hayakutuama. Shwaa! yakazama kwenye ufa mrefu, na chini yake akasikia: krr... krr...

Akashuka mbio.

"Kaka Twiga! Zege limepasuka!"

"Najua," Twiga alinong'ona. "Lakini mimi ni mchoraji tu. Mwambie Nyati."

Nyati akatazama pembeni. "Nina watoto wanne, dada. Unataka na mimi nifukuzwe kama Nyani?"

Digidigi akaenda kwa Ndovu mwenyewe.

"Shikamoo, mkuu. Ghorofa ina ufa. Tafadhali, mirunda irudishwe..."

Pa! Pa! "Nani amekuuliza? Wewe kazi yako nini?"

"Kumwaga maji, mkuu."

"Basi kamwage maji!"

Ndovu akaingia ndani kukagua kazi, Twiga na Nyati wakimfuata. Ngiri walikuwa wakipiga lipu na kutaniana. Juu yao, krr. Vumbi likadondoka. Hakuna aliyeinua kichwa.

Digidigi, akiwa mlangoni, aliona hakuna tena wa kumwambia; ngiri wasingeacha kazi bila amri ya Ndovu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho ndovu yeyote hangoji kuelezwa mara mbili. Akavuta pumzi, akaikaza ile pua yake ndefu, akavuma: "Vuuuuu! Vuuuuu! Nyuki! Jamani, nyuki!"

Lo! Ndovu alikuwa wa kwanza kutimka, mkonga juu. Nyati nyuma yake, Twiga akikunja shingo apite mlangoni, ngiri mikia wima, hao! Digidigi naye akakimbia nao huku akicheka. Wakubwa wote wamedanganyika!

Walikuwa wamefika ng'ambo ya kijito waliposikia. Krrr... gudugudu... gudu!

Shule ikalala chini. Vumbi likaziba jua.

Nyati akaanza kuita majina. Ngiri, wote wapo. Twiga, yupo.

"Kobe?"

Nyati akageuka kutazama kifusi.

"Kobe!"

Ngiri mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Tulimpita chumba cha mwisho. Tukamwambia, toka, nyuki hao! Akacheka. Akasema, 'Kimbieni nyinyi wenye ngozi laini. Mimi nyuki watanifanya nini?' Akaingiza kichwa na miguu ndani ya gamba, akatulia."

Kicheko cha Digidigi kikakatika.

Walichimba kwa kwato na pembe mpaka alasiri. Ndovu aliinua vipande vya zege kimoja kimoja. Wakamkuta Kobe, gamba limepasuka katikati. Alikuwa bado anapumua.

"Digidigi," akaita kwa shida. "Nyuki wameondoka?"

"Wameondoka, kaka."

"Afadhali," akasema Kobe. Akakata roho.

Ndovu akageuka. "Hao nyuki walikuwa wapi? Mimi sikuona hata mmoja."

"Hawakuwepo, mkuu. Niliwadanganya."

"Sasa kwa nini hukusema ghorofa inaanguka?"

"Nilikuambia," Digidigi akajibu, machozi yakimtoka. "Asubuhi nilikuambia."

Ndovu akayashusha masikio yake.

"Hata mimi nilijua," akasema Twiga.

"Na mimi," akasema Nyati, akitazama chini.

Wakambeba Kobe hadi kwake. Ndovu hakuenea mlangoni, akapiga magoti nje na kumweleza mke wa marehemu mambo yote, hata yale yaliyomwaibisha. Digidigi naye akaeleza habari za nyuki wake.

Mjane aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mume wangu alikuwa mzito wa miguu," akasema. "Kwa sababu hiyo alizoea kuondoka mapema. Mngemwambia ukweli asubuhi, angetoka. Polepole, lakini angetoka."

Hadithi yangu imefika mwisho wake, wanangu, na funzo ni hili: mkubwa asiyetaka kuambiwa huwafundisha wadogo kudanganya, na uongo, hata ule wa kuokoa, hauwaokoi wote.