Jini Barkani na Chumvi Chungu ya Milhani

Sifa zote ni za Mola aliyeuweka mji wa Milhani juu ya kisiwa cha mawe meusi, na akampa ufalme wake Sultani Mundhiri bin Ghasani, kijana mwenye haya na mtimiza ahadi. Mji huo uliishi kwa chumvi, na desturi yake ilikuwa kwamba kila Ijumaa, kabla maji ya bahari hayajaingizwa katika mashamba ya chumvi, mwonja bahari huyaweka ulimini, na asiporidhika malango hayafunguliwi. Mwonja huyo alikuwa Idarusi, na alipofariki kwa homa, watu kwa kumheshimu wakaiacha kazi yake wazi mpaka mjane wake, Bi Thureya, amalize eda. Malango yakafunguliwa kila Ijumaa bila mtu kuonja.

Bi Thureya alikaa chumbani na msahafu wake, na majirani wakamletea chakula, na kila chakula kilikuwa kichungu. Alidhani ni msiba uliomkaa kinywani, na akala, na akamshukuru Mungu. Nao wapishi, kila mmoja kwa siri yake, walidhani mkono wao umeharibika, wakaona haya kuuliza.

Mwezi wa tatu akaja wifi yake, Bi Mafunda, akatia tonge la pilau mdomoni, akalitema kiganjani.

"Wifi yangu, mimi nimezika waume watatu, na hata mmoja hakunitia uchungu wa namna hii ulimini."

"Si huzuni?"

"Huzuni gani ya kukaa kwenye pilau? Hii ni chumvi, mama."

Bi Thureya akaagiza chumvi, ikaja nyeupe kama pamba, ilhali chumvi ya Milhani siku zote ilikuwa na rangi ya majivu. Akailamba, kama alivyozoea kulamba pamoja na mumewe miaka ishirini, akajua kuwa bahari yenyewe imeharibika. Na siku hizo ardhi ilikuwa ikitetemeka, na visima vinatoa mvuke. Akatuma mtu kwa Sultani.

Kwa kuwa mwenye eda hatoki, Sultani alikuja mwenyewe, akaketi nje ya pazia, na alipoulizwa akakiri. Alikuwa amemposa Binti Yakuti, bintiye mfalme wa ng'ambo, na mfalme yule alitaka mahari ya chumvi nyeupe isiyo na doa. Naye Sultani alikuwa na pete ya shaba inayomtumikisha jini Barkani, mwenye jiko chini ya bahari, ambako moshi mweusi hutoka katika mabomba ya mawe. Akamwamuru ayazibe, maana moshi ule ndio uliokuwa ukiitia chumvi majivu.

"Mwite, Maulana," akasema Bi Thureya.

Sultani akaisugua pete, na maji ya birika la uani yakachemka, na jini akatokeza kichwa na mabega, mwekundu kama chuma cha mhunzi, na kilemba chake ni moshi. Akatoa salamu kwa adabu.

"Barkani," akauliza Bi Thureya, "huko jikoni kwako unapika nini?"

Jini akaduwaa, kwani miaka mia tatu alikuwa ameamrishwa tu. Akaeleza polepole kwamba maji ya bahari huingia katika nyufa za mwamba, na hushuka hata yaukaribie moto, na huko huacha uchungu wake mwambani na kuchukua chuma na shaba na kiberiti, kisha hupanda tena meusi. Na kwamba hapana tone la bahari lisilopita huko siku moja, hata kama ni baada ya karne nyingi. Na kandokando ya mabomba hayo, mahali ambapo jua halijapata kufika, wanaishi funza warefu kama mtu, wenye mashada mekundu, na kaa weupe, na riziki yao wote, kwa idhini ya Mola, ni moshi ule.

"Sasa nimeziba," akasema. "Uchungu umebaki majini, viumbe wale wanakufa, na moto wangu umekosa pa kutokea. Unapapasa chini ya mji huu. Siku tatu haziishi kabla haujalipuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Maulana, uliniamuru. Hukuniuliza."

Sultani akainama, kwani mabomba yakifunguliwa, mahari hakuna, na mahari isipokuwepo, Binti Yakuti hampati.

"Mwanangu," akasema mjane, "mimi nimempoteza niliyempenda, na najua uzito wa jambo unaloombwa. Lakini anayewaruzuku funza kule gizani hashindwi kukuruzuku mke."

Sultani akalia, kisha akaivua pete akaitumbukiza birikani. "Fungua, nawe u huru."

"Huru niende wapi?" akasema jini. "Nina chungu motoni." Akazama, na ardhi ikanguruma mara moja, ikatulia.

Zikapita wiki, na chakula kikarudia ladha yake. Bi Thureya akala, akaona pilau ni tamu na msiba wake upo palepale, na akaweza kuvitenganisha. Eda ilipokwisha akafanywa mwonja bahari, na akapewa mashamba ya chumvi ya pwani yote ya kusini.

Sultani naye alipeleka ng'ambo chumvi ya majivu, na barua yenye habari yote bila kujificha. Mfalme akakasirika, ila binti yake akaisoma barua mara mbili, akamwambia baba yake kwamba mwanamume aliyekubali kumkosa yeye ili watu wake wasiungue, huyo ndiye ambaye yeye anaweza kulala naye nyumba moja bila hofu. Wakaoana, na karamu ikaliwa siku saba.

Basi mwenye kusikia na asiuzibe mlango alioufungua Mola kabla hajauliza unapitisha nini, kwa maana hata moto wa chini ya bahari una kazi yake, na Yeye ndiye aliyeuwasha.