Chumba Alichochagua Mkaguzi

Nyaya za umeme katika nyumba ya kupangisha ya Bwana Mbaruku zilikuwa zimechunika hata ukiugusa ukuta wakati wa mvua, ukuta nao unakugusa. Wapangaji walipolalamika aliwajibu, "Asiyetaka, mlango uko wazi." Na wakienda kumshtaki, nyumba itafungwa, walale nje wao.

Siku moja Siwatu, mpangaji aliyewapigia watu nguo pasi, alimnong'oneza, "Baba, nimeletewa sare za watu wa umeme. Nasikia mkaguzi anakuja kesho. Hukagua chumba kimoja tu, akikuta kasoro anafunga nyumba nzima. Kwako kachagua cha kwanza."

Mbaruku alimwita fundi mbio. "Cha kwanza tu! Vingine usiguse!"

Mkaguzi hakutokea. Wiki iliyofuata Siwatu akaja tena. "Alipata udhuru, baba. Sasa anataka cha pili."

"Mjanja huyo!" alifoka Mbaruku. "Lakini hanifikii mimi." Fundi akarudi. Ikawa hivyo cha tatu, cha nne, hata cha tano na cha mwisho, alichokaa Siwatu mwenyewe.

Mwishowe mkaguzi alifika kweli, akapima, akaridhika. Mbaruku alimcheka. "Umenihangaisha wiki tano, bwana, na hukunikamata!"

"Mimi?" mkaguzi alishangaa. "Mtaa huu nimepangiwa leo asubuhi. Tena sisi hatuchagui chumba, tunakagua nyumba nzima."

Mbaruku aligeuka taratibu. Siwatu alikuwa amechomeka pasi ukutani, anaimba.

"Lete hiyo kanzu, baba, nikunyooshee," alisema. "Siku hizi pasi haing'ati."