Tingatinga la Bwana Kihwelo

Kituo cha zimamoto cha Kimbuga kilikuwa na gari moja, lililokaa juu ya matofali kwa kukosa tairi, na msimamizi mmoja, Bi Mwashamba. Siku moja akajiwa na Bwana Kihwelo, tajiri wa saruji.

"Kiwanja hiki changu. Keshokutwa naleta tingatinga, nisikute hata ndoo."

"Hati unayo, bwana?"

"Iko nyumbani."

Bi Mwashamba alijua haiko nyumbani wala kwingineko. Shida ni kwamba kituo nacho hakikuwa na hati, wala senti ya wakili.

"Haya. Utakuja mwenyewe?"

"Mwenyewe! Nataka nione kwa macho yangu."

"Basi vaa suti. Watu watakuwa wengi."

Kihwelo alidhani ni watu wa kuja kumlilia. Akavaa suti.

Alipofika na tingatinga lake alikuta maturubai, ngoma na vigelegele, na mkuu wa wilaya amekaa mbele. Bi Mwashamba alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mfadhili wetu ndiye huyu. Kiwanja ametuachia bure, na tingatinga kalileta mwenyewe lichimbe msingi wa kituo kipya. Kama nasema uongo, atume mtu nyumbani akalete hati, uisome."

Mkuu wa wilaya akainuka, akamnyooshea mkono. Kihwelo akautazama umati, akautazama mkono, akaupokea.

"Bado kidogo," alisema Bi Mwashamba, kipaza sauti kingali mdomoni. "Ile ahadi ya tairi, bwana, utaitangaza mwenyewe au niitangaze mimi?"