Siku Tisa za Lulu

Hata farasi hukaa arobaini. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule mwenye duka la nguo, aliyetaka fundi wake Saumu arudi kwenye cherehani wiki ya pili tu baada ya kujifungua, na nyinyi mkaangua kicheko. Farasi gani huyo anayefukizwa udi? Haya, chekeni mmalize, kisha mnyamaze nami niwaeleze. Methali hii ilianza hapahapa mtaani kwetu, na ilianza kwa kicheko kama hicho chenu.

Enzi hizo mji huu ulikuwa na farasi jike mmoja tu, mweupe, jina lake Lulu, mali ya Mshamu wa Kombo. Bwana harusi wa hapa, awe tajiri awe mchuuzi wa mkaa, alikwenda kwa mkewe juu ya mgongo wa Lulu, na Mshamu mbele ameshika hatamu. Babu zenu hao mnaowaona wakikohoa msikitini wote walipanda. Mshamu alimpenda farasi wake hadi watu wakasema asubuhi humsalimia yeye kwanza, mke baadaye.

Lakini Lulu alikuwa amekula chumvi nyingi, na Mshamu alikuwa na hofu moja: Lulu akiondoka bila kuacha jike la kushika nafasi yake, mambo yamekwisha. Ng'ambo ya kijito alikaa Bafadhili, mwenye farasi dume. Mshamu akampeleka Lulu huko, akapandishwa, akashika mimba. Miezi ikaenda. Mwanasha, mkewe Mshamu, naye alikuwa mjamzito, na ikatokea wote wawili wakazaa wiki moja.

Mwanasha alizaa Jumatatu, mtoto wa kike, salama salimini. Lulu alizaa Alhamisi, na kwa taabu. Mtoto alikaa vibaya, akavutwa kwa kamba, na kondo la nyuma likagoma kutoka mpaka kesho yake. Mkunga Bi Mwanatumu, aliyekuwa akimkanda Mwanasha ndani, ndiye aliyeteremka uani kusaidia. Mtoto wa Lulu alikuwa dume. Mshamu alishukuru, lakini alishukuru kwa mdomo.

Siku ya tisa yule mtoto akaharisha, na mama yake akawa hatulii. Anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo, anasimamisha masikio kila dume wa Bafadhili akilia ng'ambo. Mshamu alijua maana yake. Farasi si ng'ombe, akizaa joto humrudia upesi, hata wiki mbili hazijatimia. Akavuka kijito akaenda kwa Bafadhili.

"Joto hili liache lipite," Bafadhili alimwambia. "Amezaa kwa shida. Litakuja la pili, siku ya thelathini hivi. Mlete hapo."

"Si nasikia unahama?"

"Nahama mwisho wa mwezi ujao. Siku ya thelathini bado nitakuwepo."

"Safari za watu hubadilika, Bwana Bafadhili. Ukiondoka mapema, dume mwingine nitamtoa wapi?"

Bafadhili akamtazama. "Farasi ni wako," akasema.

Mshamu akarudi kumchukua Lulu. Mlangoni akakutana na Bi Mwanatumu, kabeba chungu cha maji ya moto ya kumkanda mzazi. Alipoambiwa farasi anapelekwa wapi, bibi yule alikitua chungu chini.

"Mwanangu Mshamu, kondo lile lilitoka vipande vipande, nimeliona kwa macho yangu. Tumbo bado bichi. Mwache apone kwanza."

Basi Mshamu alikuwa mtu wa mzaha, na barazani palikuwa na wanaume wamekaa. Akapaza sauti wamsikie. "Tangu lini farasi akakaa arobaini, Bi Mwanatumu? Au nimkande na yeye? Nimpikie uji wa pilipili manga?"

Baraza zima likacheka. Bi Mwanatumu akajitwika chungu chake akaingia ndani. Huenda Mshamu angefikiri mara ya pili kama angekuwa peke yake, lakini mtu akishachekesha watu huona haya kurudi nyuma. Jioni ileile Lulu alivushwa kijito, akapandishwa.

Siku ya nne baada ya hapo Lulu alisusa majani. Mwili ukachemka, nyuma akawa anatoa uchafu wenye harufu mbaya, na maziwa yakakatika. Mtoto wake alinyonya chuchu tupu, akawa anamsukuma mama yake kwa pua, anarudi, anasukuma tena. Mshamu alimtafutia maziwa ya mbuzi, akamnywesha kwa kitambaa, usiku na mchana. Siku ya sita tangu maziwa yakatike, mtoto akafa. Mshamu alimchimbia shimo mwenyewe nyuma ya banda, hakutaka msaada wa mtu.

Lulu hakufa. Alikonda mbavu zikahesabika, kisha polepole akaanza kula. Lakini ile mimba haikushika, na siku ya thelathini ikapita bila joto. Na Bafadhili? Safari yake iliahirishwa, akakaa miezi minne mingine. Dume wake alilia kila asubuhi, Lulu hageuzi hata sikio. Mshamu akimsikia alikuwa akiingia ndani na kufunga dirisha.

Mwanasha hakuambiwa kitu, maana mzazi hatiwi simanzi. Siku ya arobaini alitoka, kavaa kanga mpya, mwili unanukia udi, binti yake mikononi. Hakwenda kwa majirani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akamwonyeshe Lulu mtoto wake, na yeye amwone wa Lulu.

"Mtoto wake yuko wapi?" akauliza.

Mshamu akamweleza yote, hata ule mzaha wa barazani. Mwanasha aliweka mkono juu ya shingo ya Lulu.

"Mimi umenipa siku arobaini," alisema. "Hukuniomba nikupunguzie hata moja. Ulikuwa unapiga hodi mlangoni pangu kama mgeni."

"Wewe ni mtu, Mwanasha."

"Na yeye alizaa. Ukampa tisa."

Mshamu aliketi palepale kwenye majani makavu, akalia, mbele ya mkewe na mbele ya farasi wake.

Lulu hakuzaa tena. Alibeba mabwana harusi miaka michache, akafa, na tangu hapo wa kwetu wakaenda kwa mguu. Siku moja, katika ile miezi minne, mtu mmoja barazani alimwuliza Mshamu kwa nini asijaribu tena, na Bafadhili bado yupo. Alikuwa mmoja wa wale waliocheka. Mshamu hakumfokea. Alisema, "Niliuliza hapahapa, tangu lini. Sasa jibu ninalo, ila halinifai kitu. Hata farasi hukaa arobaini."